Kati ya Lango na Kitanda: Barua ya Wazi kwa Wenye Leseni na Wenye Vyuo

Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru, waheshimiwa mnaoketi kwenye kamati za leseni za vileo, na nyinyi wakuu wa vyuo vya hapa Nakuru na viunga vyake,

Salamu za heshima.

Nawaandikia nyote barua moja kwa sababu ninalotaka kulisema liko katikati yenu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile ambayo wananchi hadi leo huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta bungeni, inataka baa inayoomba leseni mpya iwe angalau mita 300 kutoka shuleni. Ni kifungu kizuri. Lakini ukikisoma mpaka mwisho utakuta kinataja chekechea, shule ya msingi, sekondari na taasisi nyingine zinazofunza walio chini ya miaka 18. Chuo hakimo. Kijana aliye kidato cha nne analindwa kwa mita 300. Mwaka unaofuata, akishuka matatu na godoro lake jipya, anaitwa fresha, hajui mtu wala hajui mtaa, na hakuna hata mita moja inayomkinga.

Nanyi mmegawiwa kazi kwa namna ambayo pengo haliwezi kukosa kutokea. Jedwali la Nne la Katiba limewapa serikali za kaunti utoaji wa leseni za vileo. Vyuo vikuu vikabaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, na kila chuo kina kanuni zake zinazoishia langoni. Kwa hiyo chuo kinaweza kusema kwa haki kabisa kwamba baa iliyo ng'ambo ya barabara si yake, na kaunti nayo ikaweza kusema kwa haki ile ile kwamba mteja ni mtu mzima mwenye kitambulisho. Nyote mko sawa, na mtoto wa watu analala chali kwenye korido.

Nieleze nimeingiaje katika haya. Nilikuwa muuguzi hadi nilipostaafu, na sasa nina ploti ya bedsita ambazo wapangaji wake karibu wote ni wanafunzi. Vijana huniita Mathe, wengine Shosh. Sitakitaja chuo chao, kwa kuwa ninayoyaona hapa naambiwa yako Njoro, yako Kisumu, yako Kakamega na yako Eldoret. Nikiri pia kwamba nina maslahi yangu: mpangaji asiyekunywa hulipa kodi kwa wakati na havunji sinki. Basi msome mkilijua hilo.

Mtu akitaka kuelewa pombe ya chuoni asianze na takwimu, aanze na siku pesa za HELB, ule mkopo wa serikali kwa wanafunzi, zinapoingia. Habari husambaa kabla ya saa sita mchana. Simu zinalia korido nzima, "imeingia, imeingia," na wenye maduka ya makali wanajua kabla hata mimi sijajua. Kufikia jioni boda boda wanapita na mifuko myeusi. Bia ni chache siku hizo, kwa sababu bia ni ghali na inajaza tumbo. Kinachonunuliwa ni makali: mzinga wa mililita 750 wa kuchangiwa, au kota ya mililita 250 kwa kila mtu. Pesa za kota ya bei ya chini kabisa hazinunui sahani nyingi za chapo madondo. Jumatatu wazoa taka wakija, mimi huwa nimeshaona chupa ni za ukubwa gani. Na kwa wiki kadhaa baada ya hapo, watoto wale wale hugonga mlango wangu kuomba unga.

Hebu tupige hesabu ya ile kota, maana nadhani wengi wenu hamjawahi kuipiga. Pombe ya asilimia 40 katika mililita 250 ina mililita 100 za pombe tupu, yaani karibu gramu 79. Shirika la Afya Duniani huchukulia kipimo kimoja cha kinywaji kuwa gramu 10. Kwa hiyo kota moja ni karibu vipimo vinane. Ini la binadamu mzima huondoa takriban kipimo kimoja kwa saa, na halikubali kuharakishwa kwa kahawa, kwa supu, kwa ndimu wala kwa kumwagiwa maji. Kijana aliyemaliza kota saa tatu usiku bado anayo mwilini alfajiri. Jambo ambalo vijana hawalijui, na wazazi wao pia, ni kwamba mtu anaweza kuacha kunywa, akalala, na pombe ikaendelea kupanda kwenye damu akiwa usingizini, kwa sababu iliyo tumboni bado haijamaliza kuingia. Aliyelazwa kitandani akiwa "amezima tu" anaweza kuwa mgonjwa zaidi baada ya nusu saa.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii.

Usiku mmoja wa muhula uliopita nilisikia maji yakimwagika bafuni saa ambayo hakuna mtu huoga. Nilipotoka nilikuta vijana wanne wamemzunguka mwenzao. Alikuwa amelala chali sakafuni, shati limelowa, midomo imebadilika rangi, na mmoja anajaribu kumnywesha maziwa. Mtu asiyeweza kumeza unamnywesha maziwa! Nilimgeuza kwa ubavu, nikamkunja goti la juu, nikainua kidevu, na matapishi yakatoka yenyewe upande wa mdomo. Nikahesabu pumzi. Zilikuwa za kuchelewa, na katikati palikuwa na kimya kirefu kuliko ninavyopenda. Nikasema tunakwenda hospitali sasa hivi. Mkubwa wao akanishika mkono. Hakuuliza kama mwenzake atapona. Aliuliza: "Mathe, chuo kitajua?"

Kijana yule alipona na amerudi darasani. Lakini nilipowauliza wenzake walikuwa wamekaa naye muda gani hivyo kabla sijaamka, wakatazamana. Walikuwa na simu nne, zote zina chaji. Jirani yao ni muuguzi, na wanajua mlango wangu. Lakini mwaka uliotangulia waliona mwenzao akipelekwa kamati ya nidhamu na kusimamishwa masomo kwa kupatikana amelewa, na wakajifunza walichofunzwa: mgonjwa wa pombe hufichwa.

Wakuu wa vyuo, kanuni zenu mlizitunga kwa nia njema, na sisemi mlevi anayevunja vioo apigiwe makofi. Lakini adhabu inayomfikia hata aliyeomba msaada haipunguzi ulevi. Inachofanya ni kuuhamisha kutoka ukumbini hadi chumbani, na kuongeza dakika za kusubiri kabla ya mtu kuitwa. Hizo dakika ndizo zinazoua. Walevi wengi hawafi kwa sababu walikunywa peke yao, hufa huku wamezungukwa na marafiki wanaosubiri waamke.

Wenzetu wa Marekani walifikishwa na tatizo hili kwenye jibu rahisi. Kule umri wa kunywa ni miaka 21, kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili anayekunywa amevunja sheria ya jimbo na kanuni za chuo kwa mpigo. Woga wa kuita msaada ulikuwa mkubwa. Chuo Kikuu cha Cornell, kilicho jimbo la New York, kikaanzisha mwaka wa 2002 utaratibu wa msamaha wa kitabibu: anayeita gari la wagonjwa kwa ajili ya mwenzake aliyelewa, na huyo mgonjwa mwenyewe, hawapelekwi kwenye nidhamu kwa kosa la kunywa. Badala yake mgonjwa hukaa na mshauri akishapata nafuu. Utafiti uliochapishwa 2006 kuhusu utaratibu huo ulikuta kwamba simu za kuomba msaada ziliongezeka, na unywaji wenyewe haukuongezeka. Ile hofu ya kwamba wakisamehewa watakunywa zaidi haikutimia.

Hili halihitaji bajeti. Linahitaji aya moja kwenye kanuni za wanafunzi, isemwe waziwazi: anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake haadhibiwi, na anayeitiwa haadhibiwi kwa kulewa. Kama alipiga mtu au aliiba, hilo ni kosa jingine na lina njia yake. Aya hiyo isomwe kwa sauti wiki ya kuwapokea freshas, si kubandikwa kwenye ubao karibu na ratiba ya mitihani. Siku hiyo hiyo wafundishwe mambo ambayo mimi nilifundishwa nikiwa mwanafunzi wa uuguzi na ambayo hayachukui hata robo saa: mlaze kwa ubavu, usimwache peke yake, usimnyweshe chochote. Akiwa haamki ukimfinya, ngozi imekuwa baridi au ya samawati, pumzi hazifiki nane kwa dakika au zinakatika kwa zaidi ya sekunde kumi, huyo hangojewi. Shirika la Msalaba Mwekundu lina nambari ya dharura, 1199, na polisi wana 999 na 112. Ni freshas wangapi wanazijua? Waulizeni.

Kuna jingine ambalo wanaume wenye ofisi hupenda kulipita haraka. Msichana akilewa kupita kiasi, hatari yake si ini pekee. Nimeona mara nyingi kuliko ningetaka: sherehe imekwisha, wenzake wameondoka kwa boda, na kijana asiyemjua anasema, "Msijali, nitamfikisha." Kwangu pale getini hafikishwi mtu na mgeni. Lakini si kila ploti ina kikongwe asiyelala. Na msichana akiamka asubuhi hajui kilichompata, mahali pa kwanza anapoogopa ni ofisi ile ile itakayomuuliza alikuwa akinywa nini. Aya ya msamaha ninayoiomba inamhusu yeye kwanza. Aliyedhulumiwa akiwa amelewa asiulizwe habari za chupa kabla hajaonwa na daktari, tena mapema, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72.

Sasa nirudi kwako, Mheshimiwa Gavana, na kwa kamati za leseni.

Simwombi mtu afunge baa zote za Nakuru. Nina umri wa kutosha kujua kwamba ukifunga mlango wa mbele, chang'aa huingia kwa wa nyuma, na mwaka wa 2014 tuliwazika Wakenya wengi waliouawa na pombe yenye methanoli katika kaunti kadhaa kwa siku chache. Na mwenye baa anayelipa leseni, anayeuza kinywaji halali na kufunga kwa wakati, namheshimu. Ninachoomba ni kwamba ule ukanda wa mita 300 upimwe pia kutoka lango la chuo. Sheria ya kitaifa haikiwekei chuo kinga hiyo, lakini pia haikatazi kaunti kuiweka. Leseni ni yenu. Bunge la kaunti ni lenu. Kama kupima kutoka lango ni kugumu katika miji ambako chuo kiko ghorofa ya tatu juu ya benki, basi anzeni na leseni mpya tu, na anzeni na maduka ya makali kabla ya baa. Baa ina viti, ina choo, ina mhudumu anayeona mtu ameanza kuyumba. Dukani mtoto hupewa chupa kupitia wavu wa chuma na kwenda nayo chumbani, na hakuna jicho linalomfuata.

Saa nazo. Sheria ya 2010 iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Niambieni, kwa uaminifu wenu, mara ya mwisho mliyopita mtaa wa wanafunzi saa nne asubuhi mkakuta pamefungwa ni lini. Sisemi polisi wavamie. Uvamizi huanza kwa mbio na kuishia kwa pesa za dhamana, na wanaokamatwa ni vijana, si mwenye duka. Leseni hutolewa kwa mwaka mmoja. Anayeuza asubuhi mwaka huu, mwaka ujao asipewe. Hiyo ndiyo adhabu ambayo mfanyabiashara huisikia.

Vyuo navyo vialikwe kwenye vikao hivyo. Hadi hapo mkuu wa chuo atakapoketi mbele ya kamati na kusema "duka hili lilinipelekea wagonjwa muhula huu", kamati itaendelea kuamua kwa kuangalia choo na cheti cha afya.

Kuhusu pendekezo la kupandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 21, lililo katika sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025, nina mashaka. Silikatai moja kwa moja. Nchi zilizopandisha umri ziliona faida, hasa barabarani. Lakini kupandisha umri bila kwanza kuweka ule msamaha ninaousema ni kuongeza woga juu ya woga. Fresha wa miaka 19 hataacha kunywa kwa kuwa sera imebadilika Nairobi; atafunga pazia. Sera ile ile ilipendekeza pia kuzuia pombe kuuzwa mtandaoni na kupelekwa majumbani. Hapo naiunga mkono kwa mikono miwili, maana kota inayoletwa hadi mlangoni na boda boda baada ya kuagizwa kwa simu haina hata aibu ya kuonekana na jirani.

Msije mkaelewa kwamba wanafunzi wetu wote ni walevi. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 500 wa vyuo vya Eldoret na kuchapishwa 2011 ulikuta kwamba waliowahi kunywa pombe maishani walikuwa asilimia 51.9. Ni wengi, ndiyo. Lakini geuzeni upande wa pili: karibu nusu walikuwa hawajawahi. Takwimu hiyo ni ya zamani kidogo, na bado naitumia nikiongea na wapangaji wangu wapya, kwa sababu fresha huja akiwa ameambiwa kwamba chuoni kila mtu anakunywa na asiyekunywa ni mshamba. Huanza ili asiachwe nje, wala si kwa kiu. Ukimwonyesha kwamba vyumba viwili kati ya vinne kwenye korido yake vimelala saa nne usiku, hupata ujasiri wa kusema "mimi leo situmii". Kwa hiyo yale mabango yenu ya fuvu na mifupa, tafadhali yaondoeni. Hayamtishi anayekunywa, na humthibitishia asiyekunywa kwamba yuko peke yake.

Utafiti huo huo ulionyesha sababu ambazo wanafunzi walizitoa wenyewe: kujipumzisha, na kupunguza msongo. Hilo naliamini kwa macho yangu. Pombe ya wiki ya HELB ni ya sherehe. Ya wiki ya matokeo, au ya pale karo haijalipwa na jina halimo kwenye orodha ya mtihani, ni nyingine kabisa. Hiyo haina muziki. Mtu hununua kota, hufunga mlango, na kesho yake haonekani. Huyo hahitaji hotuba. Anahitaji mtu wa kuongea naye jioni, na zahanati nyingi za vyuo nizijuazo hufungwa saa kumi na moja, na mshauri nasaha mmoja hugawanywa kwa maelfu ya wanafunzi. Yako maswali kumi yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani, yanaitwa AUDIT, ambayo muuguzi yeyote anaweza kuyauliza kwa dakika chache mwanafunzi anapokuja kutibiwa malaria au kuchukua dawa ya tumbo. Yanaonyesha nani anakunywa kwa namna ya kujiumiza kabla hajafikia kushindwa kabisa. Mazungumzo mafupi, ya heshima, baada ya maswali hayo yamethibitika kupunguza unywaji. Na hapa kwetu Kenya wataalamu wa Eldoret walishaonyesha kwamba watu wasio madaktari, wakifundishwa vizuri, wanaweza kuendesha vikao vya ushauri kwa wanywaji kwa lugha yao wenyewe. Msiniambie hakuna wataalamu. Wafundisheni hata wasimamizi wa ploti. Sisi ndio tunaokaa na wanafunzi usiku.

Nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Nimeiandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa kila choo cha ploti yangu, mahali ambapo mtu akikaa lazima asome.

Na sisi wenye nyumba tuna lawama yetu. Wapo wanaojenga bedsita juu na duka la makali chini, wakikusanya kodi kwa mkono mmoja na kuuza kota kwa mwingine. Wakati mwingine ndio wanaolalamika kwa sauti kubwa kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Kamati ikitaka kukagua, ianze na majengo hayo, na likiwamo la rafiki yangu yeyote lisirukwe.

Ninachoomba kwa sasa ni vitu viwili vya kufanywa kabla ya freshas wanaofuata kuwasili. Kila chuo kitoe kwa maandishi hiyo aya ya kutomwadhibu anayeita msaada, na kaunti ibandike orodha ya maombi ya leseni yaliyo karibu na vyuo kwenye ofisi za machifu na za wadi, pamoja na tarehe ya kikao, mapema kiasi cha mtu kuisoma. Sheria inampa mwananchi haki ya kupinga ombi la leseni, lakini haki hiyo haina maana kama tangazo huonekana baada ya kikao kwisha. Mkituwekea tarehe tutakuja, mimi na wenye ploti wengine wa mtaa huu, pamoja na wapangaji watakaokubali kuongea. Tutakuja na majina ya maduka na saa wanazofungua.

Wenu,
Muuguzi mstaafu na mwenye nyumba za wanafunzi,
Nakuru.